"Ni Kweli": Mfugaji wa Bura mbele ya Kiingereza cha Sheria

Watu wengi hudhani kwamba ugumu wa Kiingereza cha sheria umo katika maneno yake makubwa. Kwa mwanafunzi wa sheria atokaye Bura, mashariki ya Mto Tana katika Garissa, dhana hiyo haina mashiko. Neno kubwa hujitangaza: akutanapo na 'mens rea', hujua amefika ugenini na hufungua kamusi. Yamponzayo ni maneno madogo ambayo kila mtu hudhani anayajua: kuchukua, haki, kweli.

Mwanafunzi huyo huufikia mfumo wa sheria ya Kiingereza akiwa amekwisha kupita lugha tatu. Nyumbani ni Kisomali, chuoni alihifadhi Kiarabu cha Kurani, na shuleni alikutana na Kiswahili. Lugha hii ya tatu ndiyo daraja lake, nalo ni daraja lenye historia. Mahakama, hakimu, wakili, shahidi, hukumu na sheria yenyewe ni maneno ya asili ya Kiarabu. Msomali aitaye mahakama 'maxkamad' huyatambua kama jamaa. Lakini maneno haya yamevishwa joho jipya. Neno "sheria", ambalo kwa sikio lililolelewa chuoni lafungamana na amri ya Mungu, sasa labeba pia kanuni za Bunge na maamuzi ya majaji. Isitoshe, ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inazitambua mahakama za kadhi katika ndoa, talaka na mirathi za Waislamu. Hivyo basi neno moja lazitumikia nyumba mbili.

Ajabu ni kwamba misingi ya mfumo huu si migeni kwake kama lugha yake ilivyo. Sheria ya Mahakama ya mwaka 1967 inaagiza kwamba, baada ya Katiba na sheria zilizoandikwa, majaji wa Kenya wafuate sheria ya Uingereza itokanayo na hukumu za majaji, kanuni za insafu, pamoja na sheria za jumla zilizotumika huko tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri hali ya nchi na ya wakazi wake inavyoruhusu. Kiini chake ni kwamba shauri la leo huamuliwa kwa kutazama shauri la jana. Na mila ya Kisomali iitwayo 'xeer' hufanya nini? Wazee waketipo chini ya mti huuliza dia ililipwaje mara iliyopita, na baina ya nani. Tofauti ni kwamba wazee huhifadhi kumbukumbu kifuani, na majaji huihifadhi vitabuni kwa Kiingereza.

Tofauti hiyo si ndogo. Tuchukue mfano wa mfugaji aliyemchukua ngamia wa jamaa wa mdaiwa wake, akiamini kwamba mila yampa haki hiyo maadamu dia haijalipwa. Kifungu cha 278 cha Kanuni ya Adhabu kinamtaja ngamia kwa jina miongoni mwa mifugo ambayo mwizi wake aweza kufungwa hadi miaka 14. Lakini kifungu cha 268 chaeleza kwamba wizi ni kuchukua kwa hila na bila dai la haki. Mfugaji akiulizwa kama shtaka ni la kweli, atajibu: "Ni kweli." Naye asema kweli: alimchukua. Mkalimani hutafsiri, hakimu huandika kwa Kiingereza, na tukio lililokiriwa lageuka kosa lililokiriwa. Dai la haki, ambalo huenda lingemwokoa, halikupata mahali katika sentensi.

Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliiona hatari hii katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri la mwaka 1973. Iliamua kwamba shtaka pamoja na viungo vyote vya kosa lielezwe kwa lugha ya mshtakiwa, au lugha anayoielewa. Maneno yake mwenyewe yaandikwe. Kisha asomewe maelezo ya tukio, apewe nafasi ya kuyakana au kuongeza. Katiba ya 2010, katika ibara ya 50, nayo yampa haki ya mkalimani bila malipo.

Kwa mhakiki wa fasihi, uamuzi wa Adan ni fundisho juu ya sauti. Hautosheki na muhtasari wa msimulizi. Wataka usemi wa mhusika mwenyewe. Hata hivyo, maneno yake hufika katika kumbukumbu yakiwa yamevuka lugha moja au mbili, na jaji wa rufani husoma kilichobaki baada ya kuvuka.

Kwa hiyo elimu ya mwanafunzi wa Bura haikamiliki kwa kuujua msamiati wa Kiingereza tu. Hapana budi ajue pia kurudi nyuma: kutoka "dai la haki" hadi mti wa wazee, na kumwuliza mfugaji kwa Kisomali swali ambalo shtaka halikumwuliza, yaani, ulimchukua kwa nini?