Mvua, Pazia na Sauti Yangu

Wapendwa, nisameheni kwa ukimya. Zamu za usiku zimeniandama wiki nzima, na hapa Uingereza mvua haijakatika tangu Jumatatu. Leo nimeamka saa kumi jioni, nikachemsha chai ya tangawizi, nikaweka tena sinema yangu ya Singin' in the Rain ya mwaka 1952.

Najua mtasema, nesi wa Tanga na wazungu wa zamani wanaocheza na miamvuli, wapi na wapi! Hata mimi nilicheka mwanzoni. Mtu mzima anaimba barabarani kalowa chapachapa, kwetu si angepelekwa kwa mganga?

Lakini sikieni kisa chenyewe. Ni mwaka 1927, sinema bubu zinaanza kusema. Lina Lamont, nyota mwenye sura nzuri, ana sauti ya kukwaruza masikio. Basi binti mwingine, Kathy, anafichwa awe sauti yake. Mwishoni Lina "anaimba" jukwaani huku Kathy yuko nyuma ya pazia. Mara pazia linavutwa, ukumbi mzima unaona sauti ni ya nani.

Hapo mimi hulia, wala sioni haya. Mwaka wangu wa kwanza wodini, ndugu wa mgonjwa alinisikia kwenye simu akaomba apewe nesi "anayeongea vizuri". Digrii ninayo, na mgonjwa yule nilimhudumia usiku kucha. Nikampa mwenzangu simu, nikasimama pembeni namnong'oneza majibu yote. Tangu siku ile nikawa nakwepa simu, miezi mingi.

Debbie Reynolds aliyeigiza Kathy alikuwa na miaka 19 tu, tena hakuwa mchezaji dansi kama Gene Kelly. Alifanyishwa mazoezi mpaka miguu ikatoka damu. Sisi watazamaji tunaona tabasamu tu. Manesi tunalijua tabasamu hilo.

Na kichekesho ni hiki: kuna wimbo ambao Debbie naye aliimbiwa na mwanamke mwingine, Betty Noyes, na jina lake halikuandikwa kwenye sinema. Yeye hakuvutiwa pazia.

Nilipojua hilo nikasema, mimi sitangoja mtu anivutie. Siku hizi simu ikilia naidaka, nataja jina langu polepole. Wakisema hawajanisikia, narudia.

Haya, zamu inaanza saa moja na nusu. Naenda, na mwamvuli wangu.