Toleo Namba 401

Gazeti la The Post lililotoka Lusaka Jumatatu ya Februari 5, 1996 lilikuwa toleo namba 401. Habari yake kubwa ilikuwa kura ya maoni: kwamba serikali ilipanga kwa siri kuiitisha ghafla, ili wapinzani wa katiba mpya wasipate muda wa kujipanga. Rais Frederick Chiluba akalipiga marufuku toleo hilo kwa kifungu cha 53 cha Kanuni ya Adhabu, kanuni waliyoiacha Waingereza. Fred M'membe, mhariri wa gazeti, alikamatwa pamoja na wenzake Bright Mwape na Masautso Phiri. Tangu hapo, kukutwa na nakala ya toleo lile kukawa kosa la jinai.

Lakini The Post lilikuwa na ukurasa wake kwenye intaneti, miongoni mwa magazeti ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo, na toleo namba 401 lilikuwa limekwisha kuwekwa huko. Jambo hilo hutajwa kwa sentensi moja tu, pale panapotajwa kabisa. Mimi nilikuwa Lusaka siku zile, nikaliona.

Nilikuwa karani wa nyaraka katika kampuni ya uwakala wa mizigo, karibu na Cairo Road. Shaba ilipanda treni ya TAZARA pale Kapiri Mposhi ikateremka hadi bandari ya Dar es Salaam. Mbolea, vipuri na mitumba vikapanda kuja huku. Watanzania tulikuwa wachache ofisini, tuliajiriwa kwa sababu tulijua kubembelezana na watu wa bandarini kwa lugha yao. Dar tuliwasiliana nayo kwa simu na faksi. Johannesburg na London walikuwa wameanza kututaka tutumie barua pepe, kwa hiyo bosi wetu, Mzambia wa makamo aliyependa vitu vipya, alinunua modemu na kujiandikisha Zamnet.

Zamnet ilizaliwa ndani ya Chuo Kikuu cha Zambia, na tangu Novemba 1994 ndiyo iliyoiunganisha nchi na intaneti, kabla ya nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwamo. Hakukuwa na kampuni nyingine. Aliyetaka kuingia kwenye mtandao, awe mbunge, padri au wakala wa mizigo kama sisi, alipitia mlango huo mmoja. Wakati ule tuliona ni fahari ya Zambia. Hakuna aliyewaza kwamba mlango mmoja ni rahisi kuufunga.

Jumanne asubuhi wauza magazeti wa Cairo Road hawakuwa na The Post la jana, na waliokuwa nalo wasingekuambia. Mwenzangu, kijana wa Tunduma ambaye ndiye aliyekuwa akiishughulikia ile kompyuta, aliniita kwa sauti ya chini, "Dada, njoo uone." Modemu ilikuwa imeshamaliza kupiga kelele zake. Maandishi yalikuwa yanashuka kwenye skrini mstari baada ya mstari, na kila mstari ulitusubirisha. Kitu ambacho askari walikuwa wakikitafuta mitaani kilikuwa kimekaa juu ya meza yetu, kati ya mafaili ya forodha.

Tulikisoma chote tukiwa tumesimama. Bosi akatoka chumbani mwake, akasogea, akasoma naye. Alipomaliza aliuliza swali ambalo sijaacha kulifikiria mpaka leo: "Hapo tulipo sasa, tunalo au hatunalo?"

Marufuku ya karatasi kila mtu aliielewa. Gazeti liko kwenye mkoba wako au haliko. Hili lililo kwenye skrini liko wapi? Kijana wa Tunduma alisema liko kwenye seva, chuo kikuu, sisi tunaliangalia tu kwa mbali. Bosi hakuridhika. Siku hiyo au iliyofuata zikatufikia habari kwamba marufuku inahusu pia nakala ya kwenye kompyuta, na atakayekutwa nayo atashtakiwa. Bosi akampigia simu fundi aliyetufungia mitambo. Fundi alikuja, akakaa, akatueleza jambo ambalo hatukulijua: kompyuta ikifungua ukurasa hujiwekea nakala, ili ukiuomba tena isihangaike kuufuata. Kwa hiyo tulikuwa nalo. Kila aliyelisoma nchini, kwa hesabu ya fundi, alikuwa nalo bila kujua.

Alizifuta zile nakala sisi tukiwa tumemzunguka. Hakuna aliyesema neno. Nilimtazama bosi wangu, mtu aliyepiga kura Oktoba 1991 kumwondoa Kenneth Kaunda baada ya miaka 27 ya utawala wake, aliyenihadithia mara nyingi jinsi foleni za wapiga kura zilivyokuwa ndefu na watu walivyokuwa na furaha, nikamwona ana hofu kwa sababu amesoma. Hakuwa ameandika, kuchapa wala kuuza chochote. Tangu siku ile, nikisikia mtu anasema udhibiti wa mtandao unawahusu waandishi na wanaharakati, namkatalia. Marufuku ile ilimlenga msomaji. Mhariri unaweza kumpata ofisini kwake; wasomaji hujui waliko, basi unawawekea kosa kichwani, kila mmoja ajichunge mwenyewe.

Sisi wageni tulikuwa na la ziada. Mwaka 1994 serikali ilimkamata William Banda, kiongozi wa UNIP, chama cha Kaunda, ikamtupa Malawi kwa madai kwamba si Mzambia. Mwaka 1995 ikamfuata John Chinula, naye wa UNIP, ikamfanyia vilevile. Kama watu waliofanya siasa maisha yao yote ndani ya Zambia waliweza kuvushwa mpaka kama mizigo isiyo na hati, karani wa kutoka Mbeya mwenye kibali cha kazi angejitetea kwa lipi? Usiku ule sikulala vizuri, nasema kweli.

Siku kama mbili baada ya marufuku ukurasa ule ulitoweka. Hatukujua umeondolewaje. Mitaani watu walisema serikali imeleta mtambo kutoka nje. Baadaye ikajulikana kwamba hapakuwa na mtambo wowote: polisi waliionya Zamnet kwamba toleo hilo likiendelea kukaa kwenye seva yake nayo itashtakiwa, likaondolewa. Yalikwisha hapo. Serikali ambayo, ninavyoamini, ilikuwa na watu wachache mno waliojua intaneti ni kitu gani, iliifunga intaneti kwa onyo tu. Sikuwahi kuwalaumu walioliondoa. Walikuwa watu wachache, wengi wao walimu na mafundi wa chuo kikuu, na huduma ya nchi nzima iliwategemea wao.

Mwezi huohuo mambo yalizidi. Bunge liliwahukumu M'membe, Mwape na mwandishi wa makala Lucy Sichone kwa kulidharau, kutokana na makala zilizomjibu Makamu wa Rais Godfrey Miyanda. Miyanda alikuwa ameishambulia hukumu ya Mahakama ya Juu iliyowaondolea wananchi sharti la kuomba kibali cha polisi kabla ya kukusanyika. Wanaume wawili wale walikaa gerezani hadi Mahakama Kuu ilipowaachia mwishoni mwa Machi. Lucy Sichone alijificha na mtoto wake mchanga. Wanawake wa Lusaka walimtaja kwa sauti ya chini lakini kwa fahari, nami nilimpenda bila kuwahi kumwona. Alifariki mwaka 1998.

Na ile kura ya maoni? Haikuitishwa. Katiba ilirekebishwa bungeni Mei 1996, ikiwa na kipengele kinachotaka wazazi wote wawili wa mgombea urais wawe Wazambia, na Kaunda, ambaye wazazi wake walitoka Malawi, akawa amefungiwa nje ya uchaguzi wa Novemba.

Nilirudi Mbeya miaka michache baadaye. Nimeishi kuona Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 hapa kwetu, kisha kanuni za 2018 zilizomtaka mwenye blogu akate leseni, na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, nikaona intaneti ikizimwa nchi nzima. Wajukuu walinijia na simu zao wakidhani zimeharibika. Niliwaambia hazijaharibika, nikawaeleza habari za toleo namba 401, na mkubwa wao akaniuliza kama ilivyoniuliza akili yangu miaka yote hii: amri inatoka kwa nani, na anaipokea nani?

Zambia walijaribu kulijibu swali hilo mahakamani. Agosti 12, 2021, siku yao ya kupiga kura, WhatsApp na mitandao mingine ya kijamii ilibanwa. Asasi iitwayo Chapter One Foundation ilikwenda Mahakama Kuu ya Lusaka, na kesho yake mahakama ikaamuru mitandao ifunguliwe. Kesi haikuishia hapo. Machi 2022 mamlaka ya mawasiliano, ZICTA, ilikubali mbele ya mahakama kwamba haitavuruga mawasiliano nje ya mipaka ya sheria, na kwamba huduma ikikatika kwa sababu iliyo ndani ya uwezo wake itawaeleza wananchi sababu hiyo ndani ya saa 36.

Si ushindi mkubwa, na sheria kali za mtandao Zambia bado wanazo. Lakini mwaka 1996 onyo lilipita kimya kati ya polisi na watu wachache, na sisi wengine tukabaki kubahatisha. Sasa kuna karatasi yenye muhuri wa mahakama inayomlazimisha anayezima ajitokeze na kueleza. Karatasi ya namna hiyo naitaka Tanzania, na nimewaomba mawakili vijana ninaowafahamu hapa Mbeya waisome ile ya Lusaka neno kwa neno.