Barua kutoka Ughaibuni: Hoteli Inapoletwa Mtaani



Katika miji midogo ya England, mwenye nyumba ya familia anayetaka kuigeuza hoteli hulazimika kwanza kuomba ruhusa ya halmashauri, kwa kuwa sheria imeyagawa matumizi ya majengo katika madaraja, na tangu mwaka 1987 hoteli na nyumba za wageni zimo katika daraja C1, ilhali makazi ya familia yamo C3. Ombi likishapokelewa, majirani hupelekewa barua, au tangazo hufungwa kwenye nguzo ya taa mbele ya kiwanja, likiwa ndani ya plastiki ili mvua isilifute, likieleza kinachokusudiwa kujengwa, mahali pa kuiona michoro na siku ya mwisho ya kutoa maoni, ambayo huwa si chini ya siku 21.

Linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni namna maoni hayo yanavyopimwa. Afisa mipango miji huzingatia hoja za kimipango tu, yaani zile zinazohusu matumizi ya ardhi na athari zake kwa umma, kama vile kelele za usiku, maegesho, maji taka na jengo refu kumzibia jirani mwanga. Lakini mwenye gesti anayepinga kwa sababu mshindani atamchukulia wateja hasikilizwi, wala anayelalamika kwamba nyumba yake itashuka bei. Mchujo huo ni wa haki, kwani unamlinda mkazi bila kumpa mfanyabiashara mkongwe rungu la kumzuia mgeni.

Mfumo huu unahusiana na kusini mwa Tanzania kuliko inavyodhaniwa. Sheria ya mipango miji ya Uingereza ya mwaka 1947, ambayo ndiyo iliyofanya ruhusa kuwa sharti la ujenzi, ilipitishwa na serikali ileile iliyoanzisha mradi wa karanga uliofika Nachingwea, ukaletewa reli kutoka pwani, kisha ukaachwa mwaka 1951, baada ya mambo makubwa kuamuliwa mbali na watu walioijua ardhi hiyo. Tanganyika ilipata sheria yake ya mipango miji mwaka 1956, yenye asili ya Uingereza, na Tanzania ikaibadilisha kwa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, inayozifanya halmashauri kuwa mamlaka za upangaji.

Mamlaka hizo zina kazi sasa. Minada ya korosho na ufuta ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, huleta wanunuzi na madereva wanaohitaji malazi, na madini ya kinywe ya Ruangwa yanaleta wageni wa kukaa muda mrefu zaidi. Gesti ya vyumba ishirini hujaza karo la maji taka haraka kuliko nyumba ya familia, na huvuta maji mengi kutoka mtandao uleule unaotegemewa na majirani, ambao kwa Nachingwea hutegemea chanzo cha Mbwinji.

Kwa hiyo mchoro wa mipango miji, yaani ramani inayoonyesha kila kiwanja na matumizi yake, ubandikwe katika ofisi ya mtendaji ambako hata bibi anayeuza vitumbua anaweza kuuliza, na kila ombi la hoteli litangazwe kwenye kiwanja chenyewe, kwa Kiswahili chepesi, kabla kibali cha ujenzi hakijatiwa saini na kabla lori la kwanza la mchanga halijamwaga mzigo.