Dari ya Kerta Gosa

Msomaji mpenzi, nimeingia katika mahakama kadhaa maishani mwangu, lakini ni moja tu iliyonifanya niinue macho na kujihukumu mwenyewe. Mahakama hiyo iko Klungkung, katika kisiwa cha Bali nchini Indonesia, nayo huitwa Kerta Gosa.

Usidhani ni jengo kubwa. Ni ukumbi wa mraba usio na kuta, ulioinuliwa juu ya msingi mrefu, wenye nguzo na paa tu. Upepo hupita humo upendavyo. Karibu nao kuna ukumbi mwingine, Bale Kambang, uliozungukwa na maji ya bwawa kama kisiwa kidogo. Kumbi hizo ni masalio ya jumba la wafalme walioitwa Dewa Agung. Tarehe 28 Aprili 1908 majeshi ya Waholanzi yalilishambulia. Mfalme na watu wake wakatoka kuwakabili, wakaona heri kufa kuliko kusalimu amri. Jumba likabomolewa, lakini ukumbi wa haki ukasalia, ukatumika kama mahakama hadi 1942.

Ajabu yake i katika dari, ambayo picha zake zilichorwa upya mwaka 1960. Dari hiyo hupanda safu juu ya safu hadi kileleni. Safu ya chini ina hadithi za Tantri, zilizochipuka katika shina moja na Kalila na Dimna, na mkasa wetu wa kima na papa. Juu yake yumo Bima, shujaa wa Mahabharata, akiingia kuzimu kuziokoa roho za wazazi wake, mahali ambapo wakosaji hutokoswa chunguni. Zaidi ya hapo ni raha za mbinguni, na kileleni ni ua la yungiyungi.

Husemwa kwamba picha zile zilimtisha mshitakiwa. Nami niliwaza vivyo hivyo, mpaka nilipotazama viti vya waamuzi. Navyo viko chini ya dari ile ile! Moto uliochorwa juu ya kichwa cha mshitakiwa umechorwa juu ya kichwa cha mwamuzi pia.

Hapo nilimkumbuka mwanafunzi mmoja niliyemwadhibu nilipokuwa mwalimu, kwa wizi wa kitabu. Sikumpa nafasi ya kujitetea. Baada ya juma moja nilikiona kitabu kile kabatini mwangu, mahali nilipokiweka kwa mkono wangu mwenyewe. Nilimwomba radhi faraghani, hali nilikuwa nimemwaibisha hadharani. Mizani hiyo haikuwa sawa, na mpaka leo hainipi raha.

Msomaji, huenda kesho ukawa kiranja, mzazi au hakimu. Siku hiyo, kabla ya kumnyoshea mwenzako kidole, sikiliza kwanza neno lake, kisha inua macho yako juu. Dari ni moja.