Sebule Bila Makochi

Tulipomaliza kutoa vitu vya mathe kwa ile nyumba ya Buruburu, nilisimama katikati ya sebule nikapiga makofi mara moja. Pa! Sauti haikuisha. Ilizunguka kuta, ikapanda darini, ikanirudia kama ya mtu mwingine.

"Wewe, unafanya nini?" dada yangu aliuliza kutoka jikoni.

"Napima."

"Unapima nini sasa? Kuja ushike hili sanduku."

Mimi hurekodi sauti, ndiyo kazi yangu. Chumba tunakipima kwa muda ambao sauti inachukua kushuka desibeli 60, yaani nguvu yake ibaki sehemu moja kwa milioni. Hesabu hizi zilianza na Wallace Sabine wa Harvard. Mwaka 1895 alipewa ukumbi wa mihadhara ambamo maneno yalikuwa yanapandana hadi huelewi kitu. Usiku, yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akapima kwa bomba la kinanda, saa na masikio yake. Mito ikiongezeka, mwangwi unapungua.

Mimi nina simu na laptopu. Programu inakatakata sauti vipande vidogo, kisha inachora kila kipande: wakati unaenda kulia, sauti nyembamba ziko juu, nzito chini, na rangi ndiyo nguvu.

Nina ujumbe wa sauti wa mathe wa Desemba. Anacheka, halafu anapiga makofi mara moja. Sebule ilikuwa imejaa: makochi, zulia, mapazia mazito, na vile vitambaa alivyofuma mwenyewe. Kwenye picha, makofi yake yanaisha kwa sekunde 0.4, rangi za juu zikizimika kwanza. Yangu yalichukua sekunde 1.3. Kusema ukweli, vitambaa havikumeza sauti ya maana. Kazi ilikuwa ya makochi na mapazia. Lakini nilitaka iwe ni vitambaa.

Dada alikuja akachungulia skrini. Nikamwonyesha mstari unavyoshuka, kisha unavyolala.

"Hapo ndipo iliisha?"

"Zii. Hapo kelele za matatu za nje zimeifunika. Bado inashuka, ila huwezi kuiona. Ndiyo maana tunapima desibeli 30 pekee, halafu tunazidisha muda kwa mbili."

Alinyamaza kidogo. "Hebu cheza yake tena."

Nikaongeza sauti, nikaicheza. Mathe akacheka, akapiga makofi, na sebule tupu ikambeba kwa sekunde ambazo hakuwahi kupewa akiwa hai. Dada aliweka sanduku chini.

Matangani sikuwa nimelia. Watu walinisifu, eti nimejikaza. Nililia hapo, nimekaa kwa sakafu, na ile nyumba ikanirudishia kila kitu.