Kati ya Waya wa Kijivu na wa Chungwa

Mfumo wa joto wa kanda, kama ulivyoenea katika nyumba za Uingereza, una boila moja, pampu moja na vali mbili za mota. Vali ya kwanza hupeleka maji ya moto kwenye rejeta za vyumbani. Ya pili huyapeleka kwenye koili iliyo ndani ya tangi la shaba, na tangi hilo ndilo linalotoa maji ya kuogea. Kila kanda ina themostati yake, na zote mbili ziko chini ya saa ya kupangia muda. Themostati haiiamrishi boila moja kwa moja. Huamsha mota, mota huifungua vali, na vali ikikaribia kufunguka yote hubonyeza swichi ndogo iliyomo ndani ya kichwa chake. Swichi hiyo huunganisha waya wa kijivu na waya wa rangi ya chungwa, na umeme wa chungwa ndio unaowasha boila na pampu. Kutafuta hitilafu ya maji ya moto ni kujua mnyororo huo umekatika kwenye pete ipi.

Mwandishi wa tawasifu hii aliufuata mnyororo huo kwa miaka 34 mjini Leicester, hadi alipostaafu 2019. Alizaliwa Ngamiani, Tanga, katika nyumba ambayo maji ya moto yalichemshwa kwa sufuria juu ya mafiga, na yalikuwa haki ya mzazi na mgonjwa. Wengine walioga ya baridi. Alisomea umeme, akamfuata kaka yake Uingereza 1985, akaanza kazi kwa kubeba mabomba ya watu.

Mwalimu wake alikuwa Singasinga, mzaliwa wa Nairobi, aliyehamia Leicester 1968, wakati Waasia wengi wa Kenya walipokuwa wakiondoka. Kwa wateja alisema Kiingereza, kwa mkewe Kipunjabi, na kwa mwanagenzi wake Kiswahili cha gereji: “Kijana, hapana fungua kitu. Uliza kwanza. Halafu shika bomba. Bisibisi mwisho.”

Mpango huo ulithibitika katika nyumba ya mama mmoja, mwezi wa Juni. Maji yake ya kuogea yalikuwa baridi. Ofisi iliyowaajiri mafundi hao ilikwisha kumtuma mwandishi mara mbili: mara ya kwanza kubadilisha themostati ya tangi, mara ya pili saa. Vyote viwili vililipiwa, na maji yakabaki baridi. Mara ya tatu alikuja mzee mwenyewe, yule mwalimu. Kabla hajavua koti aliuliza swali moja: rejeta zikiwashwa, maji ya kuogea yanapata moto? Mama akajibu kwamba wakati wote wa baridi yalikuwa yanaunguza. Yalipoa tangu rejeta zilipozimwa.

Jibu hilo lilimaliza kazi. Ikiwa maji hupata moto rejeta zikiwaka, basi themostati ya tangi inaita, mota inazunguka, vali inafunguka na koili inapitisha. Kinachowasha boila wakati huo ni swichi ya vali ya rejeta. Ya vali ya maji imekufa, lakini kufa kwake hakuonekani mpaka kiangazi. Mzee alisukuma wenzo mdogo ulio ubavuni mwa kichwa cha vali. Ulikwenda bila ukinzani, ishara kwamba mota imekwisha fungua. Mita ikaonyesha volti 230 kwenye kijivu na sifuri kwenye chungwa. Kichwa kikabadilishwa bila kumwaga tone la maji. Themostati na saa zilizotolewa, zote nzima, zilikuwa zimekwisha tupwa, na ofisi haikurudisha pesa za mama yule.

Kushika bomba nako kuna utaratibu, na wengi huukosea. Rejeta huwashwa kwanza ili boila iwake, kisha maji ya tangi huitwa. Bomba likiwa la moto kabla ya vali na baridi baada yake, vali haijafunguka: mota imeungua, shina limekwama, au umeme wa themostati haufiki. Likiwa la moto pande zote mbili lakini bomba la kurudi kutoka kwenye koili ni baridi, maji hayazunguki, na mara nyingi hewa imenasa. Vali iliyokwama wazi hujitambulisha kinyume: rejeta zenye joto mwezi wa Julai, au tangi linalozidi kipimo kila rejeta zinapowaka. Na boila isiyozimika hata kila kitu kikizimwa kwenye saa huelekeza kwenye swichi iliyoganda, yaani waya wa chungwa una umeme ilhali vali imefunga.

Hapa vijana hufa kwa haraka zao. Kuzima saa hakuuui waya wa kijivu. Una umeme muda wote. Fyuzi ya ampea 3 itolewe, na mita ihakikishe, kabla ya kifuniko kufunguliwa. Rangi pia zisiaminiwe: kwenye nyaya za ukutani za zamani waya wa moto ni mwekundu na nyutro ni nyeusi, kwa kuwa kahawia na buluu zililazimishwa kwa kazi mpya mwaka 2006 tu.

Katika jambo moja mwandishi hakukubaliana na mwalimu wake, wala hajakubali hadi leo, ingawa mzee amekwisha fariki. Mzee aliipima themostati ya tangi kwa sikio: aliizungusha, ikilia “tak” akaipitisha. Mlio huo huthibitisha kwamba chuma kimeruka tu. Ncha zilizoungua hulia vilevile na hazipitishi kitu. Kipimo ni mita kwenye terminali ya kutokea, themostati ikiwa inaita. Mzee alijibu kwamba sikio lake halihitaji betri.

Katika mahali pa kuifunga themostati hiyo hawakugombana: theluthi moja ya kimo cha tangi kutoka chini, imegusa shaba tupu, mkanda umekazwa. Mkanda ukilegea, themostati hupima hewa ya kabati na kuendelea kuita, na maji hupanda hadi kumuunguza mtoto bafuni. Kipimo ni nyuzi 60. Chini sana ya hapo, hasa kati ya 20 na 45, bakteria wa Legionella huzaliana ndani ya tangi.

Matangi yenyewe yalipungua kadiri boila zinazopasha maji papo hapo zilivyoingia, na kabati nyingi zikageuzwa za mashuka. Sasa pampu za joto, ambazo haziwezi kupasha maji papo hapo, zinayarudisha. Pale zinapogawa joto kwa vali za namna ileile, waya wa kijivu na wa chungwa zimo vilevile.