Kiungo wa Mkopo



Ndugu wapendwa katika Kristo, juma hili tunawaalika kutafakari maisha ya kijana mmoja wa Italia, ambaye wengi wetu hatukulisikia jina lake hadi siku alipofariki dunia.

Piermario Morosini alizaliwa Bergamo mwaka 1986, akakuzwa kisoka katika klabu ya Atalanta ya mji huohuo. Nafasi yake uwanjani ilikuwa kiungo. Mwaka 2005 alichukuliwa na Udinese, akaionja kidogo ligi kuu. Tangu hapo maisha yake yakawa ya mkopo. Alipelekwa Bologna, kisha Vicenza, Reggina, Padova, Vicenza tena, na mwanzoni mwa mwaka 2012 Livorno. Huko kote alicheza Serie B, ligi ya pili ya nchi ile. Kila mara alifunga mizigo, akajifunza majina ya wenzake wapya, akaanza upya. Hakuwa nyota.

Nyuma ya jezi yake palikuwa na msalaba ambao mashabiki wengi hawakuujua. Mama yake alifariki mwaka 2001, baba yake mwaka 2003, kisha na kaka yake. Alibaki na dada mmoja mwenye ulemavu, naye alikuwa tegemeo lake.

Tarehe 14 Aprili 2012, Jumamosi, mkesha wa Dominika ya Huruma ya Mungu, Livorno walikuwa wakicheza Pescara. Katika kipindi cha kwanza Morosini alianguka pasipo kuguswa na mtu. Akajaribu kuinuka, akaanguka tena. Moyo wake ulikuwa na ugonjwa uliojificha. Alikuwa na umri wa miaka 25, na namba ya jezi yake ilikuwa 25. Mechi zote za ligi za Italia mwishoni mwa juma lile ziliahirishwa.

Wapendwa, lugha yetu imetujalia neno zuri: mchezaji wa katikati twamwita kiungo. Mtume Paulo naye, akiwaandikia Wakorinto, alilifananisha Kanisa na mwili wenye viungo vingi, akafundisha kwamba vile vionekanavyo dhaifu ndivyo vyenye kuhitajika zaidi. Kiungo hupokea mpira na kuutoa. Sifa humwendea afungaye bao. Hata hivyo, pasipo yeye timu hukatika vipande viwili.

Baada ya msiba ule swali likabaki: dada yake ataachiwa nani? Antonio Di Natale, nahodha wa Udinese, alitangaza kwamba hawatamwacha. Tunaposikia hayo tunamkumbuka Bwana wetu pale msalabani, akimkabidhi Mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda, naye akampokea nyumbani kwake. Mzigo wa marehemu uliokotwa na aliye hai. Huo ndio ushirika tunaoukiri katika Kanuni ya Imani.

Sasa tujihoji sisi wenyewe. Siku ya mavuno twawasoma kwa majina waliotoa vingi, na makofi yanapigwa. Je, twamjua kijana wa jumuiya yetu ndogo ndogo anayemwogesha ndugu yake mlemavu alfajiri, kabla ya kwenda kibaruani? Akianguka yeye kesho, ni nani atakayeubisha mlango ule? Tukiri kwamba mara nyingi sisi wachungaji tumeyafahamu mambo hayo siku ya mazishi, tulipoomba tusomewe wasifu wa marehemu. Tumechelewa.

Sisi sote tu wachezaji wa mkopo. Uhai ni amana, na Mwenyewe atauita siku asiyotutangazia. Basi juma hili kila jumuiya itafute nyumba moja yenye mgonjwa au mlemavu, isiende kumwona yeye tu, bali imwulize pia anayemtunza: nawe, nani akusaidie?

Raha ya milele umpe, ee Bwana. Amina.